Vifungo Thelathini na Tatu

Kaniletea kanzu nyeusi katika mfuko wa duka la mbolea,
na bahasha ya vifungo vya zambarau, imetoka Roma kwa posta.
Thelathini na tatu, Zofka. Hesabu wewe,
mimi macho yameanza kunidanganya.
Nikavihesabu mezani, kando ya unga na mayai,
mara mbili.
Thelathini na viwili.
Kimoja kimedondoka njiani, labda Trieste,
labda yuko tarishi anakigeuzageuza sasa hivi, hajui ni cha nini.

Nje burja inavuma.
Bonde zima la Vipava tumeweka mawe juu ya vigae
na bado kila asubuhi kuna mtu anafukuzana na paa lake.

Barua aliniachia niione. Kilatini sikijui.
Niliona muhuri, nikaona na jina lake, Jernej Kobal,
limeshonewa mkia mrefu wa kigeni
hata nikadhani wanamsifu mtu mwingine.

Umepanda cheo? nikamwuliza. Utahamia mjini?
Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.
Parokia ni ileile, akasema, paa ni lilelile linalovuja,
misa ya saa moja kwa vikongwe tisa na mbwa wa Štefanija.
Zamani ngazi zilikuwa tatu:
protonotari wa kitume, juu kabisa kama jogoo wa bati mnarani,
chini yake prelati wa heshima,
na chini kabisa kapelani wa Baba Mtakatifu.
Siku hizi padre wa jimboni kaachiwa hiyo ya chini tu,
tena asipewe kabla ya miaka sitini na mitano,
goti likishakataa ngazi.

Na kapelani ni nini hasa?
Akanisimulia habari za Martino, yule askari wa farasi,
alivyolipasua joho lake kwa upanga siku ya baridi
nusu akampa maskini langoni.
Nusu iliyobaki watu waliitunza karne na karne,
na waliolinda kitambaa hicho
wakaitwa kwa jina la kitambaa.
Kwa hiyo nimefanywa mlinda nguo, akasema.
Nikamjibu, nikiwa na pini mdomoni:
basi mimi nina cheo hicho tangu mwaka ule ulipochana kanzu
kwenye uzio wa kina Furlan,
na Roma haijaniandikia.

Na Monsinyori?
Akakizungusha kikombe.
Maana yake, Bwana wangu.

Sindano ikanipata kidoleni, si kwa nguvu.

Mwaka ule wa mavuno nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Alibeba kapu la zabibu upande mmoja, mimi upande wa pili,
na katikati ya safu ya mizabibu akaniambia
Oktoba anakwenda Ljubljana, seminari.
Sikumwambia kwamba neno hilo nilikuwa nimeshalifanyia mazoezi,
jikoni kwa mama, usiku, mbele ya sufuria:
bwana wangu atachelewa leo,
bwana wangu hali vitunguu.
Nililikunja kama shuka, nikaliweka chini ya mengine.
Nikaolewa na Rado, mtu mwema,
nikamwita Rado hadi siku ya kumzika.

Kifungo cha thelathini na tatu nimekitengeneza mwenyewe:
kifungo cha koti la Rado, nimekivika hariri ya zambarau.
Nimekishona mwisho kabisa, karibu na kiatu,
mahali asipotazama mtu
ila yule anayeifua.

Jumapili ni sikukuu ya Martino. Divai mpya itabarikiwa,
askofu atakuja, bata wamekwisha kunenepeshwa.
Kijiji kizima kitapanga foleni kumpa mkono,
meya, wanakwaya, kina Furlan na uzio wao,
na kila mmoja atalitamka neno lile bila kuungua ulimi.
Nami nitapanga.
Nitalisema mara moja, kwa sauti ya kawaida,
kisha nimpishe Štefanija
na mbwa wake.